Maswali yenu: kazi ya hifadhi za bahari hufunzwaje?

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi za pwani, na karibu zote zinauliza jinsi mtu anavyojifunza kupanga na kusimamia eneo la bahari lililohifadhiwa. Nimezifupisha.

Nimemaliza kidato cha nne hapa Kilwa. Nataka kazi ya hifadhi ya bahari. Nianzie wapi?

Anzia Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA. Una kampasi mbili pwani, Mbegani kule Bagamoyo na Mikindani, ambayo ni karibu nawe zaidi. Ukifika ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, tangu 1978. Wakati unasubiri nafasi usikae kijiweni. Jiunge na BMU ya kijiji chako, yaani kikundi cha wenyeji cha kusimamia uvuvi, ushuke dikoni ukapime na kuandika samaki wanaoshushwa. Siku ya usaili hayo yatakusemea kuliko barua ya mjomba.

Lazima nijue kuzamia kwa mtungi? (Watamu)

Hapana. Kuogelea, ndiyo. Kuendesha boti, ndiyo, na kuifungua mashine iliyogoma katikati ya mkondo. Mtungi ni wa wanaopima matumbawe ya maji marefu. Kwenye mwamba wa maji mafupi, miwani na mrija vinatosha.

Sisi ni askari wa doria, Tanga. Tunakamata wavuvi wa baruti, kesi zinaanguka mahakamani. Ni mafunzo gani yanatupungukia?

Ya kalamu, ndugu zangu. Kozi nyingi za doria huishia kwenye boti na pingu, na nusu ya pili ya kazi haifundishwi. Mlikuwa wapi kwa GPS, saa ngapi, nani alimshika nani, mfuko wa samaki ulitoka mkono gani ukaenda mkono gani, na kila aliyeupokea alitia saini? Wakili wa utetezi huanzia hapohapo.

Samaki aliyekufa kwa baruti ana dalili zake. Ngozi yaweza kuwa nzima, lakini ukimpasua utakuta uti wa mgongo umevunjika, kibofu cha hewa kimepasuka na damu imevilia ndani. Hayo yaelezwe mahakamani na ofisa uvuvi aliyefunzwa kupasua na kutoa ushahidi, na samaki wawekwe kwenye barafu mapema, maana joto la Tanga halimsubiri hakimu. Dai mafunzo ya pamoja: ninyi, ofisa uvuvi, polisi na mwendesha mashtaka katika chumba kimoja, mkilipitia jalada la kesi iliyoanguka kweli, ukurasa kwa ukurasa.

Si kila mvuvi ni wa pingu, hata hivyo. Walinzi wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambacho mwamba wake umefungwa tangu 1994, walitoka kwenye uvuvi katika vijiji jirani. Hawabebi silaha. Mvuvi akisogea, humfuata wakazungumza naye. Mwenye baruti ni habari nyingine.

BMU yetu, Kwale, huitwa semina hotelini kila mara. Sasa mradi mpya unataka kutufunza kupanga eneo letu tengefu. Tuombe nini?

Kwanza, wasiwapeleke hotelini. (Posho msiionee aibu: aliyeacha kuvua siku nzima nyumbani kwake kuna watu wanaokula.) Halafu ombeni ramani kubwa, tupu, yenye mwambao na vina vya maji tu. Manahodha waijaze. Kila fungu na kila mlango una jina, na wazee wanajua tafi hulisha wapi na chewa hukaa wapi. Chorani zana: madema yanatupwa wapi, mshipi wapi, nyavu wapi. Kisha fanyeni upya kwa rangi mbili, moja ya msimu wa pepo za kaskazi na moja ya msimu wa pepo za kusi.

Hizo rangi mbili ndizo kozi yenyewe, kwa maoni yangu. Mwamba ambao wakati wa kaskazi hauna mtu unaweza kuwa ndio pekee ambao mtumbwi mdogo unaufikia kusi likivuma. Mpangaji aliyekuja mara moja, bahari ikiwa shwari, atachora mstari juu yake na kuuita eneo lisilotumika. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, ina kilomita za mraba 822, na bahari yake imegawanywa kanda tatu: isiyoguswa, yenye masharti, na ya matumizi ya kawaida. Kuzitaja ni rahisi. Penye ugomvi ni pale mistari inapopita, na kukaa kwenye ugomvi huo bila kupandisha sauti kunafundishika, kwa mazoezi.

Mkipewa ziara, nendeni Kuruwitu, Kilifi, ambako wanakijiji wenyewe walifunga kipande cha hekta 30 hivi. Msipeleke wenyeviti. Pelekeni wanaopinga.

Pemba sisi wanawake ndio tunaochokoa pweza, lakini warsha za kufunga bahari huenda wanaume. Tukialikwa, huwa bamvua.

Mama, hilo la bamvua linatosha kumpima mwandaaji. Asiyejua kwamba mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka sana na ninyi mko mwambani, naye anahitaji kufunzwa. Semeni kwa sheha, wazi: warsha iwe siku za maji mafu, yasipotoka sana.

Humo ndani, ulizeni la siku ya kufungua. Pweza hukua upesi, huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja tu kisha hufa. Ndiyo sababu Kisiwa Panza na kwingineko hufunga miezi michache na kufungua, si kufunga moja kwa moja. Lakini bahari ikifunguliwa, nani anaingia kwanza, ninyi mnaotembea kwa miguu au vijana wanaozamia kwa miwani? Liamuliwe kabla ya kufunga. Na wanawake wafunzwe mizani na daftari, ili hesabu ya pweza waliotoka isomwe na waliowatoa.

Niko kazini miaka mingi, Mombasa, bila cheti cha usimamizi. Nirudi darasani?

Si lazima. Angalia WIO-COMPAS, mpango wa kuwapa vyeti watu wa hifadhi za bahari, ulioanza 2008 chini ya WIOMSA, jumuiya ya sayansi za bahari yenye makao Zanzibar. Haufundishi kama chuo. Unapima uzoefu ulio nao, kwa ngazi, kuanzia kazi za nje baharini hadi usimamizi wa eneo na sera. Anza sasa kukusanya ripoti na mipango uliyoshiriki kuandika, na mtafute wa kukupitia Kiingereza chako kabla hujatuma.