Meza mbili, kipimo kimoja: kwa nini macho yanakataa?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi seremala. Kijana wangu wa karakana kanionyesha kwenye simu mchoro wa meza mbili: moja ndefu na nyembamba, nyingine karibu iwe mraba. Anadai nyuso zake zinalingana. Nimeweka rula juu ya kioo, kweli zinalingana, lakini macho hayakubali. Kasoro iko kwenye mchoro au kwangu?

Jibu: Marahaba, fundi. Macho yako ni mazima. Mchoro huo ni wa Roger Shepard, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1990. Nyuso zote mbili ni msambamba uleule, ila mmoja umegeuzwa.

Wanaokuponza ni miguu. Ubongo ukishaiona unaamua kwamba hii ni meza, imesimama sakafuni, na upande fulani unakwenda mbali nawe. Hapo hesabu inabadilika. Unapokagua ubao kama umepinda, unaushika mbele ya jicho ukielekea mbali, nao unaonekana mfupi mno, ingawa hujawahi kudhani umepungua. Ubongo umezoea kufidia: urefu wowote unaokwenda mbali, unaurefusha. Kwenye meza ya kwanza unaokwenda mbali ni upande mrefu wa msambamba, basi unazidi kurefuka. Kwenye ya pili ni ule mfupi. Ukirefushwa, unakaribiana na mwenzake, na meza inakuwa kama mraba.

Ziba miguu kwa vipande vya karatasi uone. Tofauti itapungua, ingawa huenda isiishe, maana msambamba wenyewe, kwa ule ulalo wake, bado unafanana na kitu kilicholala.

Fidia hiyo ndiyo inayokufanya uione sahani mezani kuwa duara, wakati taswira yake ndani ya jicho ni duaradufu. Mwaka 1931 Mwingereza Robert Thouless aliwaonyesha watu kisahani kilichoinamishwa. Umbo walilotaja lilikuwa katikati: duara zaidi ya lile lililofika jichoni, lakini si duara kamili. Alipowaondolea dalili za umbali, majibu yakasogea karibu na taswira ya jichoni.

Kujua siri hakusaidii. Nimeufundisha mchoro huu miaka mingi na bado unanihadaa. Kwa hiyo mteja akitaka kuona meza kabla ya kulipa, mchoree pia uso wake kutoka juu, wenye vipimo.