Kwa mnaoanza kufundisha sheria ya biashara vyuoni huku Moshi na Arusha

Habari zenu walimu wenzangu, hasa nyie wageni mnaoripoti semista hii. Mimi niko Moshi, nafundisha sheria ya biashara kwa madogo wa cheti na diploma, wa uhasibu, manunuzi, masoko, na kila mwaka naona vijana wametoka na digrii zao nzuri kabisa za sheria wanaingia darasani wanaanza kushusha vifungu kama wanaandaa mawakili. Hawa sio mawakili jamani. Kesho wanakaa kaunta, wanafungua duka, wanaajiriwa hotelini au kwenye kampuni ya utalii. Somo lenyewe ukilichuja linabaki na mambo machache yanayojirudia: watu wakubaliane kwa hiari, wajue wamekubaliana nini, na mtu asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Ukiyafundisha hayo saa mbili asubuhi halafu saa nne idarani kwenu mnaishi kinyume chake, wanafunzi wanaona, na wakishaona hawakuamini tena.

Tuanze na darasa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, imefuata sana ile ya India ya 1872 kwa hiyo lugha yake ni nzito, ukianza kwa kuisoma nusu ya darasa wanasinzia. Anza na shati. Bandika juu yake karatasi ya bei, elfu kumi, mpe mwanafunzi mmoja awe muuzaji kama yuko soko la Memorial, mwingine awe mteja. Mteja anasema elfu saba. Muuzaji anasema basi lete tisa. Mteja anaondoka kidogo kama kawaida yetu, anafika mlangoni anageuka, "haya nipe kwa ile saba", muuzaji anasema hapana, imerudi kumi. Simamisha hapohapo uliza darasa: kuna mkataba hapa? Watabishana mpaka darasa la jirani wagonge ukuta, waache wabishane, usikimbilie kutoa jibu. Wakichoka ndio unawaambia karatasi ya elfu kumi haikuwa ofa, ni mwaliko tu wa watu kuja kuongea bei, ofa ni ile saba ya mteja, na muuzaji aliposema tisa ameiua ile saba kaweka ofa yake mpya, kwa hiyo mteja anaporudi na saba anaanza upya na muuzaji ana haki ya kukataa. Sasa ndio lete kesi ya Hyde na Wrench ya 1840, shamba linauzwa pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, akarudi kusema basi nakubali hiyo 1,000, mwenye shamba akagoma na mahakama ikasema hakuna mkataba. Hapo wanaielewa bila kukariri, maana wameshaiona kwenye shati.

Ila angalieni kitu kimoja, kesi za Waingereza ni tamu kufundisha (ile ya Carlill ya kampuni iliyoahidi pauni 100 kwa atakayeugua mafua baada ya kutumia dawa yao, wanaipenda sana) mpaka mwalimu anasahau tuna sheria yetu. Jibu la mtihani lianze na sheria ya Tanzania, kesi ije kusaidia. Na mitihani ni ya Kiingereza, kwa hiyo eleza kwanza kwa Kiswahili mpaka wazo liingie, halafu kila mtu aandike wazo hilohilo kwa Kiingereza, sentensi mbili tu zinatosha, na uzisome. Kazi ni kubwa kwa darasa la watu mia najua, soma hata za kundi moja kila wiki.

Kwenye makampuni nendeni kwa Mangi. Wote wanamjua Mangi mwenye duka mtaani kwao. Waulize, Mangi akisajili jina la biashara BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni) halafu akakopa akashindwa kulipa, mdai anaweza kufika kwenye mali zake binafsi? Wengi watasema hapana kwa sababu amesajili, na hilo kosa ndilo linalowaumiza wazazi wao kila siku. Jina la biashara halikutenganishi na madeni yako, kampuni ndio mtu mwingine kisheria, na hapo kesi ya Salomon ya 1897, iliyosema kampuni ni mtu tofauti na mwenye kampuni, inaingia vizuri. Moshi mna bahati ya ziada maana KNCU, ule ushirika mkubwa wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iko hapa tangu 1933, babu za wanafunzi wako wengine walipeleka kahawa huko, kwa hiyo tofauti ya ushirika na kampuni, kwamba kwenye ushirika mwanachama mmoja kura moja na kwenye kampuni unapiga kura kwa hisa, usiifanye mistari miwili ya notisi. Waambie wakaulize nyumbani babu alikuwa na sauti gani kwenye mkutano wa chama cha msingi, watarudi na stori zitakazokulisha kipindi kizima.

Sheria ya ajira ndio sehemu ambayo mimi naipa muda kuliko mtaala unavyosema, kwa sababu ndio itakayowagusa wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 wanafunzi wakiisikia mara ya kwanza wanashangaa kweli, kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka siku 28, uzazi siku 84, na kwamba kumwachisha mtu kazi kunataka vitu viwili kwa pamoja, sababu halali na utaratibu wa haki. Sababu bila utaratibu haitoshi. Hata kama mhasibu ameiba kweli, anaambiwa tuhuma zake, anapewa muda wa kujiandaa, anakuja na mwenzake akitaka, anasikilizwa. Na aliyeachishwa ana siku 30 kupeleka mgogoro wake CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi), waandike hiyo namba kubwa kwenye daftari maana watu wanapoteza haki zao kwa kukaa nyumbani wakisubiri bosi apoe.

Haya, sasa toka darasani twende ofisini.

Idara nyingi za vyuo vyetu haziharibiwi na mishahara, zinaharibiwa na ratiba. Nani kapewa vipindi vya jioni vyenye posho, nani kapangwa kusimamia mitihani Jumamosi, nani kabebeshwa karatasi mia tatu za kusahihisha kwa sababu ni mgeni. Niliwahi kuona kwenye chuo kimoja mwalimu anatolewa kwenye usimamizi wa mitihani kwa sababu eti alichelewa, hakuna aliyemuuliza, alikuta jina limekatwa kwenye karatasi ya ukutani, na kumbe siku hiyo alikuwa ametumwa na ofisi hiyohiyo kupeleka nyaraka mjini. Mwalimu anayefundisha haki ya kusikilizwa! Alinyamaza, na kuanzia hapo idara ikagawanyika, chai upande huu wengine upande ule, vikao vikawa vya kimya halafu maneno yote yanatoka baada ya kikao.

Nyie mnaoingia mnaweza kusaidia hapo hata bila cheo. Kikao kikiisha jitolee kuandika muhtasari, nani atafanya nini na lini, utume siku hiyohiyo, watu wakiwa na maandishi majungu yanapungua sana. Usimseme mwenzako kwenye grupu la WhatsApp, mfuate mezani kwake. Na kwa wakubwa, shikamoo haikuzuii kupingana nao, namna ndio muhimu. Mzee akipanga kitu unachoona hakijakaa sawa, subiri mbaki wawili, "Mzee naomba unieleweshe hapa, nimeona vipindi vya jioni vyote viko upande mmoja, tunaweza kuvigawa upya?" Mara nyingi anasikia, kwa sababu hujamvunjia heshima mbele ya watu. Asiposikia mwandikie barua ya staha. Mlinzi na mama wa usafi nao wasalimie kwa majina yao, ni wafanyakazi wenzako chini ya sheria hiyohiyo unayoifundisha.

Mwanafunzi akija na malalamiko ya maksi usimfukuze kwa kuona anakudharau. Toa karatasi yake, toa mwongozo wa usahihishaji, pitieni swali kwa swali, ukikuta anastahili mpe, ukikuta hastahili mwonyeshe ni wapi na umwambie njia ya rufaa. Inachukua dakika kumi na tano na amejifunza sheria ya utawala bila kujua.

Kuna jambo nalisema kwa uzito wote. Rushwa ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalitaja waziwazi kuwa ni kosa, mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo, na mwalimu mwenye maksi mkononi ni mwenye mamlaka. Ewe kijana wa kiume uliyemaliza chuo juzi na unafundisha mabinti mliopishana umri kidogo tu, kutana nao ofisini mlango wazi, saa za kazi, mambo ya maksi yasiongelewe kwenye simu usiku. Na ukisikia mwenzako anafanya, hata kama ndiye aliyekupokea na kukutafutia chumba Majengo, usimlinde. Msikilize binti, mpeleke dawati la jinsia la chuo au polisi, au mpe njia ya kufika TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na usimwachie aende peke yake kama anaogopa.

La mwisho linawahusu nyie wenyewe, hasa wa pati taimu. Inashangaza watu wa sheria wanavyoingia darasani kwa ahadi ya simu, "we njoo anza, tutaongea". Sheria ya ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, lakini kifungu hicho kinamwacha nje anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi, na nyie wa kipindi kimoja kwa wiki mnaangukia hapohapo. Kwa hiyo ombeni wenyewe. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, masomo gani, saa ngapi kwa wiki, malipo kwa saa ni shilingi ngapi, yanalipwa lini, kusahihisha kunalipwa au kumo humohumo, na taarifa ya kuacha ni siku ngapi. Mkuu wa idara mwenye nia njema hakasiriki kuombwa hivyo. Iombe kabla hujachukua ratiba ya vipindi, isainiwe pande zote mbili, na nakala ubaki nayo nyumbani.