Ukienda Kupika Marekani, Chunga Maneno Unayoyajua

Juzi binti mmoja wa Morogoro ameniandikia. Amepata kazi jikoni kwenye mgahawa huko Texas, anasafiri karibuni, anauliza: "Dada, Kiingereza cha jikoni nijifunzeje?" Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Miaka tisa iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nafunga begi kwenda Houston, na hakuna aliyenieleza haya ninayoyaandika leo.

Kiingereza tunachofundishwa shuleni ni cha Waingereza. Kidato cha nne nilipata A, nikaona hapo sina deni. Wiki ya pili kazini mpishi mkuu akaniagiza nitoe "chips" za meza ya watu sita, upesi. Nikatumbukiza viazi kwenye mafuta, nikavitoa vimeiva, vimekauka vizuri, chipsi ambazo hata Kariakoo zingepata wateja. Akavitazama, akavimwaga pipani mbele ya wenzangu wote, akaniuliza kama kwetu kuna shule. Kumbe alitaka vile vyembamba vya kwenye pakiti, ambavyo Mwingereza huviita "crisps". Nilivyokaanga mimi, Mmarekani huviita "fries". Sikumjibu. Niliingia stoo nikalia, na swali lile la shule linanichoma hadi leo.

Mdogo wangu, neno geni halitakuangusha. Ukisikia "eggplant" hujui, utauliza, utaonyeshwa biringanya, basi. Wameliita hivyo kwa sababu zipo biringanya nyeupe zenye umbo la yai. Mwingereza husema "aubergine", na neno hilo lina asili ya Kiarabu kama biringanya letu lenyewe. Nilipolijua hilo nilifurahi sana. "Zucchini", aina ya mumunye, nalo utaliuliza. Mwingereza alichukua jina la Kifaransa, "courgette", Mmarekani akachukua la wahamiaji wa Kiitaliano. Tunda ni lile lile.

Litakaloangusha ni neno unalolijua. "Biscuit" ya Marekani ni kimkate laini kinachokaribia skonzi, na huko kusini hukila asubuhi na mchuzi mweupe wa soseji. Biskuti yetu wao huiita "cookie", neno walilolipata kwa Waholanzi. "Jelly" kwao ni jemu iliyochujwa, haina vipande vya tunda. Ukiambiwa ulete "coriander" watataka mbegu. Majani ya giligilani ni "cilantro", kwa Kihispania.

Lililonigharimu zaidi ni "corn flour". Kwa Mwingereza huo ni wanga mweupe wa mahindi, ule wa kufanya mchuzi uwe mzito. Marekani wanga huo ni "cornstarch", na "corn flour" ni unga wa mahindi wenyewe. Niliutia unga huo kwenye sufuria ya lita kumi, nikidhani ni wanga. Mchuzi wote ulimwagwa, nikakatwa mshahara wa siku ile.

Baada ya hapo nilinunua daftari. Ukurasa wa kushoto jina la Mwingereza, wa kulia la Mmarekani, katikati Kiswahili. Kila usiku, hata niwe nimechoka vipi, niliandika. Mwaka jana nimekabidhiwa zamu nzima ya jioni, watu kumi na wawili chini yangu, na mgeni yeyote akiingia jikoni kwangu namwonyesha kitu kwa mkono kabla ya kumtajia jina. Hakuna atakayeulizwa habari za shule mbele yangu.

Kwa hiyo nunua daftari kabla ya kununua koti. Uliza, na ukijibiwa, omba uonyeshwe. Vijana wetu mnakariri salamu na majina ya miji, majina ya vyakula mnayaacha, na chakula ndicho kitakachowalipia kodi ya nyumba. Uliza hata pale unapodhani unajua. Hasa pale.

Na siku utakapotamani ugali, dukani sema "white cornmeal". Usiposema nyeupe, watakupa ya njano.