Delhi hadi Kathmandu: Mbona Saa za Tiketi Hazilingani?

SWALI: Nimekata tiketi ya ndege ya kutoka Delhi kwenda Kathmandu na kurudi. Ndege ya kwenda inaondoka saa 7:00 mchana na kufika saa 8:55. Ya kurudi inaondoka saa 10:00 alasiri na kufika saa 11:45. Kwa nini safari ya kwenda ni ndefu kwa dakika 10, ilhali umbali ni uleule? Na umbali wenyewe ni upi, maana wapo wanaotaja kilomita 800 na wapo wanaotaja zaidi ya 1,000?

JIBU: Kutoka uwanja wa ndege wa Indira Gandhi hadi ule wa Tribhuvan ni takribani kilomita 815 kwa mstari ulionyooka. Wanaotaja zaidi ya 1,000 wanahesabu barabara, ambayo hukatiza tambarare za Uttar Pradesh kabla ya kuvuka mpaka na kupanda milima ya Nepal.

Ama kuhusu muda, tiketi yako imekuonyesha kinyume cha hali halisi. Saa zilizoandikwa ni za mahali ndege inapoondokea na mahali inapotua, na saa ya Nepal iko mbele ya ile ya India kwa dakika 15, utaratibu ambao Nepal inaufuata tangu mwaka 1986. Basi zitoe dakika hizo 15 katika safari ya kwenda, utabaki na saa 1 na dakika 40. Ziongeze katika safari ya kurudi, utapata saa 2 kamili. Safari ndefu ni ile ya kurudi, tena kwa dakika 20.

Sababu kubwa ni upepo. Katika anga za juu za kaskazini mwa India, hasa miezi ya baridi, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege iendayo Kathmandu husukumwa nao kutoka nyuma, na irudiyo Delhi hukabiliana nao uso kwa uso.

Huenda ukajiuliza pia kwa nini kilomita 815 zisimalizwe kwa saa moja tu, kwa kuwa ndege za aina hii hukaribia kilomita 800 kwa saa. Muda wa tiketi huanza ndege inapoachia maegesho, si inapopaa, na huisha inapoegeshwa tena. Zaidi ya hayo, ndege nyingi zitokazo India huingilia anga ya Nepal juu ya Simara, kusini mwa Kathmandu, badala ya kunyoosha moja kwa moja. Uwanja wa Tribhuvan nao, ulio mita 1,338 juu ya usawa wa bahari ndani ya bonde lililozungukwa na milima, una njia moja tu ya kurukia, kwa hiyo si ajabu rubani kuambiwa azunguke angani akisubiri zamu yake.

Kama utaunganisha ndege nyingine Delhi wakati wa kurudi, ninakusihi uache saa kadhaa katikati, na zaidi Desemba na Januari, ambapo ukungu mzito wa Delhi huchelewesha ndege nyingi. Ikiwa tiketi hizo mbili zimekatwa mbalimbali, hakikisha mapema kama mizigo yako itapitishwa moja kwa moja, kwani ukilazimika kutoka kuichukua utahitaji viza ya India.