Kuhusu dripu na mtoto mwenye homa kali

Dada yangu, umeuliza kwa nini daktari alikataa kumwongezea mwanao dripu ya haraka wakati ana homa kali na mikono imepoa, na kama huo ni uzembe. Pole sana, kwa uliyoeleza, sioni uzembe hapo.

Zamani sisi wahudumu tuliamini kwamba mtoto wa namna hiyo apewe maji mengi kwa kasi. Lakini utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda na kuchapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, wengi wao wakiwa na malaria. Katika saa 48 walifariki takriban asilimia 10.6 ya waliopewa maji ya haraka, ilhali miongoni mwa waliopewa maji ya kawaida, polepole, walifariki asilimia 7.3. Matokeo hayo yalitushtua wengi, na utafiti ulisitishwa kabla ya wakati.

Hata hivyo, watoto wenye kuharisha hawakuhusishwa. Aliyekaukiwa maji kwa sababu hiyo huyahitaji, wakati mwingine kwa haraka. Kwa hiyo, kama mwanao anaharisha au anatapika, mwambie daktari leo hii. Muulize pia kipimo cha malaria na wingi wa damu vimeonyesha nini, kwa kuwa mwenye upungufu mkubwa wa damu huenda akahitaji kuongezewa damu.