Kipupwe kimeingia Tanga, wenzangu mliopita sitini tokeni nje

Jamani kusi linavuma tangu alfajiri, na magoti yangu yamejua kabla ya kalenda. Watu wa Lushoto watasema Tanga kuna baridi gani, ila ukifika miaka 69 kama mie hata hii yetu ndogo inaingia mifupani.

Mwaka juzi nilitoka eda mwezi wa sita, baridi ndo inaanza, nikawa najifungia ndani na shuka langu mpaka adhuhuri, watoto wakipiga simu nawaambia mie mzima. Sikuwa mzima. Nilikuwa sina kitu cha kunitoa kitandani.

Kilichonitoa ni jua wallahi. Miezi hii jua limeelemea kaskazini, kwa hiyo baraza langu la nyuma linaloangalia huko, ambalo mwezi wa kumi na mbili halioni jua kabisa na nilikuwa natupia ndoo na majembe tu, sasa hivi linapata jua zuri lisilochoma. Nikatoa vyombo, nikatandika mkeka, na kiti cha kuegemea maana kuinuka chini siku hizi ni kazi. Angalia nyumbani kwako upande huo uko wapi, kisha uhamie.

Natoka na vitu vyangu vitatu. Chai ya tangawizi ya kuponda mwenyewe, siyo ya unga. Chungwa la Muheza, maana ndo msimu wake, lile la kijani kwa nje usilidharau, ndani limeiva. Namenya polepole ganda litoke utepe mmoja, vile vimafuta vinaruka vidoleni harufu inakaa mpaka mchana, na ganda naanika, kesho linaingia kwenye chai. (Mwenye sukari aulize kwanza daktari wake ale mangapi.)

Cha tatu ni chupa ya mafuta ya nazi. Alfajiri yanakuwa yameganda, meupe kama mshumaa. Naiweka juani pembeni ya mguu wangu, naiangalia, yanaanza kuyeyuka pembeni, katikati kunabaki kidonge cheupe, kinapungua, kinapungua, redioni taarabu za zamani, mara hakipo. Hiyo raha siwezi kukueleza ukanielewa mpaka ukae uione. Yakishayeyuka najichua magoti, moja baada ya jingine, bila haraka, ndo nainuka kwenda sokoni.

Na nyie watoto, pesa mnazotuma tunashukuru sana, lakini mpigie mama saa ileile kila siku ajue kuna simu inakuja. Wangu anapiga saa nne. Siku hizi haniulizi tena kama mzima, anauliza mafuta yameyeyuka? Namwambia bado kidogo mwanangu, subiri, tunasubiri wote.