Somo la kwanza la kupika omena (dagaa wa Ziwa Victoria) kwa kina mama walio katika makao ya muda

Kabla hujawasha jiko, muulize kila mama angependa aitweje. Mitaani Kisumu tumezoea "Mama Akinyi" au "Nyar Alego" (binti wa kutoka Alego), na ni heshima. Ndani ya makao haya ya kina mama waliokimbia ukatili, mambo hubadilika: huenda Akinyi alibaki kwa babake, na "Nyar Alego" linamtangazia kila mtu kwao mama anayetafutwa. Akitaka jina la kubuni, liwe hilo.

Mlango usifungwe kwa ufunguo, wala asiketi mtu akiupa mgongo. Visu vihesabiwe kabla na baada, kimyakimya.

Anza na omena. Haina gharama kubwa, wengi wanaijua, na kwa kuwa huliwa na mifupa ina kalsiamu nyingi. Kwa watu wanne, vikombe viwili. Chambua, loweka kwenye maji vuguvugu dakika tano, kisha iopoe kwa mkono. Usimwage maji omena ikiwa bado ndani: mchanga umeshatulia chini, ukiinamisha beseni unaurudisha kwenye samaki. Rudia mara tatu, mpaka upitishe kidole chini ya beseni usihisi chenga.

Ichuje ikauke kabisa. Hapa ndipo walimu wapya huharibu: omena yenye maji ikigusa mafuta moto hulipuka, na kishindo cha ghafla ndicho usichotaka jikoni humu. Hata ikikauka, sema kwanza, "Naweka sasa, italia kidogo." Kaanga kwa vijiko vitatu vya mafuta, moto wa wastani, hadi ikakamae. Tia kitunguu kimoja, nyanya tatu na nusu kikombe cha maji, ufunike dakika kumi. Chumvi aweke yeye, usionje ukamsahihisha. Ndimu ikamuliwe kwenye sahani, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Chai huyazuia, kwa hiyo isubiri kama saa moja.

Mama akiduwaa mwiko mkononi, usimshike bega. Punguza moto, mwite kwa jina alilochagua, umpe kazi ya kuketi, kama kuchambua osuga (mnavu). Usiulize kilichompata. Akitoka nje, sahani yake ifunikwe tu.

Mtoto aliyekonda usimtaje mbele ya wenzake. Mpime mzingo wa mkono wa juu faraghani kwa utepe. Wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mama asindikizwe.